Miguu Ikilegea Baada ya Kuharisha

Hapa Dodoma mtu akiamka miguu imelegea, washauri hawakosekani. Huyu atasema amekanyaga kitu kibaya njiani. Yule atasema ni kiharusi, akandwe maji ya moto. Mwingine ana shemeji yake alipona kwa sindano za vitamini. Simdharau yeyote, maana wote wanataka mgonjwa apone. Ila kuna ugonjwa mmoja ambao siku tatu za mashauriano ya namna hiyo zinatosha kumtoa mtu kwenye kutembea kwa shida hadi kushindwa kupumua. Ndio ninaotaka uzungumzwe zahanati, misikitini, makanisani na kwenye vijiwe vya bodaboda.

Unaitwa Guillain-Barré. Jina ni la madaktari wawili wa Kifaransa, Georges Guillain na Jean Alexandre Barré, ambao mwaka 1916, wakiwa na mwenzao André Strohl, waliandika habari za askari wawili walioishiwa nguvu za viungo kisha wakapata nafuu. Ni ugonjwa wa nadra: mtu mmoja au wawili kati ya kila watu 100,000 kwa mwaka. Lakini sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni tatu mkoani Dodoma. Kama kiwango hicho ni cha kwetu pia, tunazungumzia watu 30 hadi 60 kila mwaka, kuanzia Kondoa mpaka Mpwapwa. Wako wapi? Nahofia wengi wameandikwa "kiharusi", au hawakuandikwa kabisa.

Mara nyingi chanzo ni tumbo. Karibu theluthi moja ya wagonjwa hawa huwa wameambukizwa, wiki moja hadi tatu kabla, bakteria aitwaye kampilobakta. Huyu anaishi kwenye matumbo ya kuku na ng'ombe bila kuwaumiza. Kwa binadamu analeta kuharisha, wakati mwingine kwa damu, na homa na msokoto wa tumbo. Kwa kawaida wiki haiishi mtu ameshapona, tena bila dawa.

Shida inakuja baadaye, kwa wachache sana, kama mtu mmoja kati ya 1,000 waliougua. Ganda la bakteria huyu lina sukari zinazofanana mno na zile zilizoko juu ya mishipa yetu ya fahamu. Kinga ya mwili ikishatengeneza silaha za kumwinda mgeni, silaha hizo hizo zinaigeukia mishipa. Ni kama sungusungu waliotajiwa chapa ya ng'ombe walioibwa, wakaingia kwenye zizi la jirani mwenye chapa inayofanana nayo na kuswaga kundi lote. Ndiyo maana dawa ya kuua bakteria haisaidii tena kupooza kukishaanza. Mwizi ameshaondoka zamani.

Vijidudu vingine navyo vinaweza kuanzisha jambo hili, kama maikoplazma, bakteria wa nimonia, na virusi kama Zika. Mimi naishikilia kampilobakta kwa sababu iko jikoni kwetu.

Nenda sokoni ukaangalie kuku anavyoandaliwa. Kuna pipa la maji ya moto. Kuku wa kwanza anazamishwa, ananyonyolewa, wa pili anafuata, wa ishirini anafuata, maji yale yale, yameshageuka rangi na kupoa. Matumbo yanatolewa juu ya ubao ule ule, kwa kisu kile kile, na kitambaa cha kufutia mikono ni kimoja tangu asubuhi. Siwalaumu vijana wale. Maji mji huu ni ya mgao, na dumu linanunuliwa. Lakini kuku wetu wa kienyeji, wa Dodoma na Singida, ni fahari yetu na ni biashara, na biashara hiyo inastahili bomba la maji na meza inayosafishika. Halmashauri inayokusanya ushuru kila siku ina wajibu wa kuviweka.

Nyumbani, kuku aive hadi ndani kwenye mfupa kusiwe na wekundu. Ubao uliokatia nyama mbichi usikatie kachumbari kabla haujaoshwa kwa sabuni. Maziwa yachemshwe, hata yakitoka kwa ng'ombe unayemjua jina. Hilo la maziwa najua linawaudhi wafugaji wengi, nami nalisema hivyo hivyo.

Sasa dalili. Kiharusi kwa kawaida hupiga ghafla, upande mmoja. Huu huanza pande zote mbili. Nyayo na vidole vinachomachoma au vinakufa ganzi, mgongo unauma, halafu nguvu zinapotea kutoka chini kwenda juu. Kuinuka kwenye kigoda kunashinda, kisha mikono, uso, hata kumeza. Akili inabaki timamu muda wote. Daktari akigonga goti kwa kinyundo, mguu haustuki.

Nimekaa kando ya kitanda cha kijana wa bodaboda wa mtaani kwetu akiwa katika hali hiyo. Aliharisha, akapona, akarudi kazini, na siku kadhaa baadaye akashindwa kuizuia pikipiki isianguke. Zahanati aliyoanzia ilimpa sindano za vitamini na kumrudisha nyumbani. Hospitali alikofikishwa baadaye kulikuwa na muuguzi mmoja ambaye kila alipopita alimwambia: "Kaka, vuta pumzi nzito, kisha nihesabie kwa sauti bila kupumua tena." Asubuhi alifika ishirini na mbili. Mchana, kumi na tano. Jioni aliishia kwenye tisa, na muuguzi hakungoja, alikimbia kumwita daktari. Ukimtazama usoni ungeona kijana ametulia tu, hata jasho hana. Usiku ule aliwekwa kwenye mashine ya kupumulia.

Katika kila wagonjwa wanne au watano wa ugonjwa huu, mmoja hufika kwenye mashine. Kipimo cha kwanza cha kumtambua ni kuhesabu, hakigharimu hata shilingi. Hakuna zahanati, hata iliyo mbali kiasi gani, isiyoweza kukifanya kila baada ya saa chache huku gari la rufaa likisubiriwa.

Hapa ndipo ninapotaka wakubwa wa afya wanisikie. Kwa watoto, nchi hii ina mfumo mzuri. Mtoto wa chini ya miaka 15 akilegea kiungo ghafla, taarifa inatolewa mara moja na sampuli mbili za kinyesi zinachukuliwa ndani ya siku 14, kwa sababu ya polio. Mfumo huo ndio uliotuwezesha kuthibitishwa mwaka 2015 kuwa tumeidhibiti polio, na ndio ulioinasa ile ya kirusi kitokanacho na chanjo ilipojitokeza Rukwa mwaka 2023. Mhudumu wa ngazi ya jamii kule kijijini anaujua. Lakini mama yake mtoto huyo, mwenye miaka 30, akilegea vilevile, hakuna fomu inayomngoja wala simu ya lazima, isipokuwa mhudumu mwenyewe ahisi ni polio. Naomba dharura ile ile itumike kwa watu wazima. Swali moja liongezwe: "Wiki hizi umeharisha?"

Tiba ipo, na inafaa zaidi ikiwahi, hasa ndani ya wiki mbili za mwanzo. Ni ama kingamwili zinazotolewa kwenye damu ya watu maelfu na kuingizwa kwa dripu kwa siku tano, ama kusafisha damu kwa kuondoa majimaji yenye silaha zile potovu. Dawa za steroidi hazisaidii, ingawa bado wapo wanaozitoa. Kingamwili ni ghali kupita uwezo wa familia ya kawaida. Ndiyo maana jaribio la Bangladesh lililochapishwa mwaka 2018 lilinivutia. Walitoa damu kidogo kidogo kwenye mfuko, wakautundika mpaka chembe zikatuama, wakaondoa majimaji ya juu na kumrudishia mgonjwa chembe zake, bila mashine kubwa. Walikuwa wagonjwa 20 tu, na walichokuwa wakipima ni usalama, nao ulionekana. Mji wenye Hospitali ya Benjamin Mkapa, inayopandikiza figo tangu 2018, una wataalamu wa kulichunguza jambo hilo kwa ajili ya nchi nzima.

Wengi hupona, ila taratibu. Miezi sita baadaye, kama mmoja kati ya watano bado hawezi kutembea bila msaada. Kijana wetu ametoka hospitali na anahitaji mazoezi ya viungo kila wiki. Yeye yuko mjini, anafika. Wa Chemba au Kongwa analipa nauli yake na ya anayembeba, kwenda na kurudi, na wengi huacha baada ya mwezi wa kwanza. Wataalamu wa mazoezi ya viungo wapelekwe hospitali za wilaya, na ndugu wa mgonjwa wafundishwe kumnyoosha na kumgeuza kabla hajaruhusiwa kurudi nyumbani.