Muziki Wasingiziwa, Masikio Yaumia

Kila shule zikifungwa, hapa Busia, Uganda, nasikia hotuba ileile, kanisani, msikitini na kwenye vikao vya wazazi: muziki wa siku hizi unaharibu vichwa vya watoto wetu. Wazee wanaosema hivyo nawaheshimu, na uchungu wao naujua ni wa kweli. Ila shutuma hii ni ya zamani sana, na mara nyingi imemkamata asiyehusika.

Mwaka 1761 Mmarekani Benjamin Franklin alibuni ala ya mabakuli ya kioo yanayozunguka kwenye mhimili mmoja, mpigaji akiyagusa kwa vidole vilivyolowa maji. Wengi Ulaya waliipenda, mtunzi Mozart akaitungia muziki mwaka 1791. Kisha zikaja habari kwamba inachosha neva, inaleta majonzi, hata kumtia mtu wazimu, na wanawake ndio waliodaiwa kuwa hatarini zaidi. Ajabu ni kwamba ala yenyewe ilikuwa na sauti ndogo mno, kwenye kumbi kubwa haikusikika vizuri.

Baadaye zamu ikamfikia Wagner, mtunzi wa Ujerumani. Opera yake ya Tristan und Isolde ilionyeshwa mara ya kwanza Munich mwaka 1865, na mwimbaji mkuu, Ludwig Schnorr von Carolsfeld, akafariki wiki chache baadaye akiwa na miaka 29. Mwaka 1911, mjini humohumo, Felix Mottl alianguka akiiongoza opera hiyohiyo, akafa baada ya siku kadhaa. Walioamini kwamba muziki unaua wakapata ushahidi. Wale walioiimba wakarudi nyumbani wazima, nani aliwahesabu?

Karne ya 20 chuki ikavua barakoa. Mwaka 1921 jarida la Ladies' Home Journal nchini Marekani lilichapa makala ya Anne Shaw Faulkner iliyoushtaki muziki wa jazz, muziki wa watu weusi, kwa kuvuruga akili na maadili. Mwaka 1938 Wanazi wa Ujerumani waliandaa maonyesho Düsseldorf ya muziki waliouita mbovu, wakiwalenga Wayahudi na jazz. Nikisoma haya naikumbuka Uganda yetu, ambako wamishonari wengi walisikia ngoma wakadhani wamemsikia shetani. Leo nani atafikiria misa ya Namugongo, kwenye kumbukumbu ya mashahidi wa Uganda, bila ngoma?

Sisemi muziki hauwezi kumdhuru mtu. Mwaka 1937 daktari Macdonald Critchley alieleza aina ya kifafa inayochochewa na muziki. Ipo kweli, ila ni nadra sana. Madhara yanayowapata wengi yanatokana na ukubwa wa sauti, wala hayachagui wimbo wa dini na wa baa. Ndani ya sikio kuna chembe zenye vinywele vidogo mno vinavyopokea sauti. Kwa binadamu, zikifa hazioti tena. Wataalamu wa afya kazini Marekani wanashauri mtu asizidishe saa 8 kwa siku kwenye desibeli 85, kipimo cha ukubwa wa sauti. Zikifika 100, muda huo unashuka hadi dakika 15.

Dakika 15! Nenda uone muuza muchomo, yaani nyama choma, aliyeweka jiko lake chini ya spika za baa. Wateja hawamwambii wanataka nini, wanamwonyesha vidole: viwili, vitatu. Naye amezoea kusoma midomo. Anafika jioni na kuondoka alfajiri, na hakuna hotuba ya likizo inayomtaja. Dijei aliye juu yake akishuka masikio yanalia nziii mpaka mchana, anasema ni uchovu tu. Wikendi nyingine mkesha wa maombi upande wa pili wa barabara huwa na spika kubwa kuliko za baa, na watoto wachanga wamelala mgongoni mwa mama zao palepale mbele.

Kanuni za kelele Uganda inazo tangu mwaka 2003, na NEMA, mamlaka ya mazingira, ndiyo yenye dhamana. Mtaani kwetu lakini anayeweza kubisha mlango usiku ni mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa. Naomba kikao kijacho, badala ya kujadili nyimbo gani zipigwe marufuku, tumtume kwa mwenye baa na kwa mchungaji vilevile: spika zigeuzwe zisitazame jiko wala nyumba, sauti ishushwe, dijei na wahudumu wapewe vizibo vya masikio. Sifongo ya kuziba masikio ni ya bei nafuu, na mwenye baa anaweza kuanza Ijumaa hii.