Faini ya dola 20 na foleni ya Likoni

Barua ilinikuta nimetoka kazini usiku. Australia ilitaka kujua mbona sikupiga kura. Nilikuwa sijamaliza hata mwaka tangu nipate uraia, na siku ya uchaguzi nililala fofofo baada ya zamu mbili mfululizo. Nitoe sababu ya maana, au nilipe dola 20. Usingizi si sababu, nikalipa. Hapa Melbourne pesa hizo ni sahani ya biriani, lakini ziliniuma.

Nilipomsimulia mama, yuko Likoni, Mombasa, alicheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, huko mwatozwa kwa kutopiga? Sisi huku tumepanga foleni tangu alfajiri, kisha karatasi ya gavana tusipewe!" Alikuwa anakumbuka tarehe 9 Agosti 2022. Karatasi za ugavana za Mombasa na Kakamega zilikuwa na kasoro, uchaguzi huo ukasogezwa hadi tarehe 29. Mama alirudi tena kupanga foleni. Majirani wengi hawakurudi, na siwalaumu.

Ndugu zangu huku hupenda kusema Kenya nayo ipitishe sheria kama hii ya kulazimisha watu kupiga kura, watu waache uvivu. Kweli, kwa Australia ilifanya kazi. Mwaka 1922 waliojitokeza hawakufika asilimia 60. Sheria ikapitishwa 1924, na uchaguzi uliofuata ukavuka asilimia 90. Haijashuka sana tangu hapo.

Lakini baada ya kutozwa, uchaguzi uliofuata nilikwenda, nikaona upande wa pili wa hiyo faini. Ni Jumamosi, kituo ni shule ya jirani. Ukishindwa siku hiyo, vituo vya mapema hufunguliwa kabla, au unatuma kwa posta. Wagonjwa na watu wa vijiji vya mbali kabisa hufuatwa na maafisa. Niliulizwa jina, anwani, na kama nimeshapiga mahali pengine, basi. Hakuna kitambulisho, hakuna wino kidoleni. Tena unapiga kwa penseli! Kwetu penseli ingezua maandamano. Nje wazazi wanauza soseji kwenye slesi ya mkate na vitunguu. Mimi sikujua ni nyama gani, nikanunua keki. Chini ya nusu saa nilikuwa nyumbani.

Yaani serikali inayonidai kura imejiwajibisha yenyewe kwanza. Na hata kwenye kura yenyewe hakuna awezaye kunilazimisha kuchagua mtu: nikikunja karatasi tupu nikaitumbukiza, ni siri yangu.

Sasa ipeleke sheria hiyo Kenya. Oktoba 2017, baada ya Mahakama ya Juu kufuta uchaguzi wa Agosti, mgombea wa upinzani Raila Odinga alijitoa kwenye marudio na wafuasi wake wakakaa nyumbani. Waliojitokeza hawakufika asilimia 40, ilhali Agosti walikaribia 80. Kule kukaa nyumbani kulikuwa ni kauli, na kila mtu aliisikia. Ingekuwapo faini, Kisumu nzima ingepelekwa mahakamani. Hata Australia haikuwa safi siku zote: wenyeji asilia waliruhusiwa kupiga kura za kitaifa nchi nzima mwaka 1962 tu, na wajibu ukawafikia 1984. Haki ilitangulia, wajibu ukafuata.

Kwa hiyo wanaotaka kumtoza mama yangu, waanze kwa kuhakikisha karatasi ziko sawa asubuhi anapofika. Mimi mwenyewe bado ni Mkenya, katiba ya 2010 iliniruhusu kushika uraia wa pili. Mwaka 2022 Wakenya wa ughaibuni waliwekewa vituo katika nchi 12, Australia haikuwamo. Nchi moja inanitoza nisipopiga. Nyingine sanduku haikuniwekea.

Mama ameshaanza kuuliza kama nitakuja Agosti 2027. Nauli si dola 20.