Eti Shuka Jeupe na Mbalamwezi

Jamani, nani aliwadanganya watu kwamba tamasha la filamu kisiwani ni shuka jeupe, minazi miwili na mbalamwezi? Wino wa bango haujakauka, tarehe ishapangwa: Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, usiku wa mwezi mpevu. Eti mandhari! Mwezi mpevu unafubaza picha, na juu yake kuna bamvua, maji kujaa na kupwa kupita kiasi. Asubuhi maji yamekupwa utadhani bahari imehamia Oman, viti 200 vinapangwa mchangani. Kufika saa 10 alasiri maji yamejaa, viti vinaogelea, mafundi wameinua nyaya vichwani kama wamebeba mahari. Mwezi mwandamo nao una bamvua lake, kwa hiyo giza peke yake si dawa. Muulizeni mvuvi, wala hadai ada ya ushauri: tarehe 21 au 22 ya mwezi wa Kiislamu ni maji mafu, hayajai wala hayakupwi sana, na mwezi wenyewe hauchomozi mpaka karibu saa 6 usiku.

Haya, upepo. Masika ikiisha Mei, wote wanakimbilia Juni hadi Septemba kukwepa mvua. Na kusi, upepo wa kusini wa miezi hiyo, je? Wageni wanapanda ndege na tiara zao kuja Paje kwa ajili ya upepo huo huo, wewe unausimamishia kitambaa cha mita 6 kwa 3.4! Hiyo si skrini, ni tanga. Upepo wa mita 10 kwa sekunde unakisukuma kwa uzito unaopita kilo 120. Vigingi vya hema vinang'oka mchangani kama meno ya utotoni. Fukia gunia la mchanga kina cha mita 1, kamba imefungwa kiunoni mwa gunia, moja kila kona, upande wa kusi mawili. Au tafuta ukuta. ZIFF, tamasha la kimataifa la filamu la Zanzibar lililoanzishwa 1997, lilijishikiza Ngome Kongwe ya Mji Mkongwe, na kuta za Waomani hazipepei.

Sasa filamu yenyewe. Mtengenezaji anatuma DCP, furushi la faili za kuonyeshea sinema, gigabaiti 150. Kwa intaneti ya megabiti 10 kwa sekunde ni saa 33, umeme usipokatika. Akituma diski, kompyuta ya hoteli haioni kitu, maana diski imeandaliwa kwa mfumo wa Linux. Inauliza kama ifutwe. Na wa kubonyeza "ndiyo" hakosekani, tena ndiye aliyekabidhiwa ufunguo wa chumba. Ombeni faili la video la kawaida (H.264) lenye tafsiri iliyochapwa ndani ya picha, mapema, kwa sababu BASSFU, baraza la sanaa na ukaguzi wa filamu Zanzibar, nao lazima waikague. Na sheha, kiongozi wa shehia, ajulishwe, asisikie habari kwa spika.

Jenereta lisiunganishwe na friji ya baa. Kila friji ikianza kunguruma umeme unayumba, projekta inazimika ghafla, feni inasimama taa ikiwa bado ya moto, na taa hiyo haiuzwi Paje.

Halafu bango linasema saa 12 jioni! Juni jua linazama saa 12 na robo, kitambaani huoni hata kivuli. Subirini Isha ipite, anzeni saa 2.

Ikianza, watoto wa kijiji wamejazana nyuma ya kitambaa, wanasoma maandishi kinyumenyume na kucheka pasipo na kichekesho. Mbele wamekaa wageni 11, mmoja anauliza yoga imehamishiwa wapi.