Nailoni ya Kandinsky

Nyumbani kwetu nailoni haibanduliwi. Ni amri ya mke wangu. Rimoti ina nailoni, mlango wa friji una nailoni iliyogeuka njano, na godoro la wageni hulia kwachakwacha usiku kucha. Kwa hiyo picha yangu ilipowasili kutoka Dar, hatima yake ilikuwa imeshapangwa.

Niliagiza nakala ya Composition VIII, picha ya mchoraji Kandinsky. Aliichora mwaka 1923, na yenyewe iko New York, jumba la Guggenheim. Ni miduara, pembetatu na mistari inayopishana, mtu wala mnyama hamna. Nakala yangu imechapishwa nyuma ya bamba la akriliki, yaani plastiki ngumu inayoonyesha kama kioo, ambalo uzito wake haufiki hata nusu ya kioo cha unene uleule. Hayo nilimweleza karani wa mizigo stendi ya Nyegezi, hapa Mwanza, aliyekuwa akidai nyongeza ya vitu vya kuvunjika.

"Kama si kioo," akasema, "mbona wameandika usiangushe?"

Nikalipa.

Fundi alikuja na dreli yake mimi nikiwa kazini. Akaitazama picha kwa karibu, akarudi nyuma, akainamisha shingo, kisha akauliza: "Mama, juu ni wapi?" Mke wangu akamwambia afuate maandishi. Na kweli maandishi yalikuwepo, ya bluu, mstari juu ya mstari. Ila yalikuwa ya kiwanda, juu ya nailoni ya kukinga michubuko. Fundi akayasimamisha wima, akatoboa matundu manne, skrubu zikaingia, akalipwa, akaondoka.

Ikakaa hivyo, na ukungu wake, na watu wakaipenda! Jirani yetu anayeuza dagaa Mwaloni aliisoma bila kusita: "Hili ni ziwa, usiku wa giza. Na haya ni makarabai ya wavuvi." Kandinsky hajawahi kusifiwa kwa uhakika namna ile.

Kisha akaja shangazi kutoka Ukerewe. Hata chai haijapoa, akaona ncha ya nailoni imejikunja pembeni. "Jamani, mmenunua kitu mkakiacha ndani ya mfuko?" Akaishika kwa kucha mbili, akavuta. Praaaa! Mke wangu akatoka jikoni na mwiko mkononi, akakuta rangi zimejaa sebuleni na shangazi anakunja nailoni vizuri, ya kufunikia unga.

Binti yetu akaifungua picha halisi kwenye simu. Ule mduara mkubwa mweusi unatakiwa uwe juu kushoto. Wetu ulikuwa chini kulia, nyuma ya mkono wa sofa.

Nikampigia fundi. Akaja, akatazama, akasema kugeuza ni kazi nyingine na ina bei yake. Nikaona nimlainishe kwa hadithi: huyu Kandinsky mwenyewe aliwahi kurudi jioni kwenye chumba chake cha kazi kule Munich, akakuta picha ngeni nzuri ajabu, kumbe ni yake, imelazwa ubavu.

Fundi akasikiliza mpaka mwisho, dreli kwapani.

"Sasa bosi, na huyo mzee, wa kumgeuzia alimlipa shilingi ngapi?"