Shikamoo Nje, Osu Ndani

Nina miaka 46, mke, watoto watatu, deni la vikoba na goti moja linalolia kama bawaba ya mlango wa stoo. Jumamosi iliyopita nilikuwa nimepiga magoti sakafuni, makalio juu ya visigino, nikisubiri mtihani wa mkanda wa karate katikati ya watoto kumi na mmoja. Mkubwa wao yuko darasa la sita.

Haya yote aliyaanzisha daktari. Alinipima presha, akaangalia mashine, akaangalia tumbo, akarudi kwenye mashine. "Mzee, tafuta mazoezi." Kukimbia siwezi, mbwa wa mtaani kwetu hawaelewi kwamba unakimbia kwa hiari. Gym ni pesa za watu wenye pesa. Nyuma ya mtaa kuna ukumbi wanafundisha karate, ada elfu kumi na tano kwa mwezi. Nikasema hapo hapo.

Ada hawakunidanganya. Ila hawakuniambia kuna suti, kuna mkanda, kuna ada ya mtihani, na ukifaulu kuna mkanda mwingine, maana ule wa kwanza haubadiliki rangi wenyewe. Vijana wa bodaboda wanaochungulia dirishani wanabisha. Wanasema zamani mkanda ulikuwa mmoja tu, unaufanyia mazoezi mpaka unakuwa mweusi kwa uchafu. Nikamuuliza sensei, yaani mwalimu wetu, akacheka. Hadithi tu. Utaratibu wa madaraja na mkanda mweusi ulitoka kwenye judo ya Jigoro Kano, mwalimu wa karate Gichin Funakoshi akauingiza kwenye karate mwaka 1924, na hizi rangi za katikati zikaja baadaye. Aliyeleta hizo rangi, mimi nadhani alikuwa na duka la vitambaa.

Na namba zake! Unaanza daraja la kumi, wanaliita kyu ya kumi, ukipanda unakwenda ya tisa, ya nane, unashuka huku unapanda, mpaka ya kwanza. Ukipata mkanda mweusi wanakurudisha tena kwenye moja, safari hii inaitwa dan, na sasa unapanda kweli. Nilimweleza mke wangu nikitarajia atashangaa. Akasema, "Kwa hiyo sasa hivi uko mwisho." Nikamwambia ndiyo. Akaendelea kuchambua mchele.

Lakini hayo yote nayameza. Linalonikaba ni senpai, yaani mwanafunzi aliyekutangulia.

Senpai wangu ni mtoto wa jirani, ana miaka 13. Huyu ndiye ninayemtuma vocha na chumvi. Mwaka juzi nilimtoa juu ya mwembe wangu kwa fimbo. Sasa ana mkanda wa kahawia, na ukumbini mwenye mkanda wa juu ndiye mkubwa, basi namwinamia kichwa na salamu ya heshima ya karate: "Osu, senpai!" Naye ananipitia mikono nyuma, ananigonga goti kwa kidole cha mguu. "Shuka chini zaidi." Zaidi niende wapi? Nje ya ukumbi ananiamkia shikamoo kwa adabu zote, mama yake kamlea. Shida ni pale mlangoni. Mguu mmoja ndani, mwingine nje, tunakutana uso kwa uso, kila mmoja anamsubiri mwenzake aamue nani ni nani. Siku moja tulisimama hivyo mpaka mvua ikatunyeshea wote wawili.

Basi, mtihani. Mtahini alitoka dojo nyingine, yaani ukumbi mwingine wa karate, mzee mkavu kama kuni za mkaratusi, amekaa nyuma ya meza na soda yake na kalamu. Ngumi na mateke ya mstari nilipita, nikijificha nyuma ya jasho. Ikaja kata, yaani mfululizo wa hatua na mapigo uliopangwa, unaoufanya bila mpinzani.

Kata yetu inaitwa Heian Shodan. Heian, wanasema, maana yake amani na utulivu. Ina hatua 21 na haifiki dakika moja. Waliitoa Okinawa, visiwa vya kusini mwa Japani, mzee Anko Itosu aliibuni mwanzoni mwa miaka ya 1900 kwa ajili ya watoto wa shule. Watoto wa shule! Kumbe wale wadogo wanavyoteleza nayo kama samaki, kosa si langu, nimevaa tu nguo ya mtoto. Funakoshi, aliyeipeleka karate Tokyo mwaka 1922, angalau alikuwa na huruma: katika kundi la kata hizi, hii ilikuwa ya pili kwa jina, akaifanya ya kwanza, kwa kuwa ile iliyotangulia ni ngumu zaidi kwa anayeanza. Mzee huyo angeendelea kupunguza kidogo tu, leo ningekuwa namwombea dua.

Unaanza kushoto, mkono unafagia chini, hatua, ngumi. Unageukia nyuma, tena. Kisha unasonga mbele ukiinua mkono juu ya paji la uso mara tatu, na ya tatu unapiga ukelele, kiai. Ukelele utoke tumboni, na tumbo ninalo. Wangu ulitoka kama wa konda anayeita Gongo la Mboto. Nje bodaboda mmoja akajibu, "Twende!"

Hatua ya kumi ndiyo mchawi wangu. Unatakiwa uzunguke kwa kushoto robo tatu ya duara, ukipitisha mguu nyuma ya mgongo wako mwenyewe, uishie unatazama kulia. Kulia hapo ni robo tu! Ni kama kutoka Ubungo kwenda Manzese kwa kupitia Mbagala. Nimeuliza mara mbili kwa nini, nimejibiwa, "Fanya."

Nikafanya. Nikazunguka kushoto, goti likalia, nikasikia robo ya kwanza imetosha, nikasimama. Watu kumi na mmoja wanatazama kulia, mimi natazama kushoto. Mbele yangu kuna binti wa miaka minane hivi, meno mawili ya mbele hana, naye hakuweza kusimama maana kata haisimami. Ngumi yake ikazama kwenye kitambi changu kama kidole kwenye unga wa maandazi uliokwisha kuumuka. "Anko," akaninong'oneza bila kukunja uso, "huku."

Nikageuka. Kuanzia hapo sikumbuki vizuri, nilikuwa namfuata yeye.

Mtahini aliandika kwa muda mrefu. Akaniita, akauliza umri wangu, nikamtajia, akarudi kuandika. Kisha akasema nimefaulu, ila hatua ya kumi niirudie kila siku, na senpai atanisimamia. Senpai akaleta mkanda wa njano, akanifunga kiunoni. Ulifika kwa shida, ncha mbili zikabaki fupi kama masikio ya panya. Akauvuta, akaurudia tena. Nikainama. "Osu, senpai."

Tulipotoka nje akabadilika palepale. "Shikamoo, anko. Kesho saa kumi na mbili asubuhi, uani kwenu. Usichelewe." Nikaitika marahaba, nikampa mia tano ya barafu, nikarudi nyumbani nikichechemea, mkanda juu ya shati ili majirani waone.

Mke wangu aliutazama, akauliza ule mweupe bado nauhitaji. Nikasema hapana. Sasa umefunga gunia la mkaa pale jikoni, na tangu juzi umeshaanza kuwa mweusi.