Samaki wa Miba: Tuamini Vinasaba au Macho?

Anayemtoa tasi wavuni bila kuangalia atajua mara moja kwamba samaki huyu ana miba. Mgongoni anayo 13, kwenye pezi la nyuma ya mkundu 7, na kila pezi la tumboni lina mwiba upande wa nje na mwingine upande wa ndani, katikati vijiti laini 3 tu. Hakuna familia nyingine ya samaki yenye mpangilio huo. Na miba hiyo ina sumu.

Tasi ni mmoja wa kundi ambalo wataalamu huliita Acanthomorpha, samaki wenye miba ya kweli mapezini. Spishi zake zinapita 18,000, karibu theluthi moja ya wanyama wote wenye uti wa mgongo walio hai leo. Changu wamo, chewa wamo, jodari, kolekole, sato, sangara, bunju, hata farasi wa bahari. Mwiba wa kweli ni mfupa mzima usio na pingili, ilhali kijiti laini kina pingili na kimeundwa kwa nusu mbili, ya kulia na ya kushoto, zilizoshikana. Ndiyo maana hongwe wa baharini na ngogogo wa ziwani hawahesabiwi humu, ingawa huchoma vibaya sana: mwiba wao ni kijiti laini kilichogeuka kuwa kigumu.

Kuhusu nani anaingia katika kundi hili, wataalamu hawatofautiani sana. Ubishi uko ndani yake, nani ni ndugu wa nani.

Kwa miongo mingi jibu lilikuwa oda, yaani kundi la familia zinazohesabiwa ndugu, iliyoitwa Perciformes. Mwaka 2006 orodha iliyotumiwa sana duniani bado iliipa oda hiyo familia 160 na spishi takriban 10,000. Kusema kweli, lilikuwa kapu la kutupia kila samaki wa miba aliyekosa pa kuwekwa. Hapakuwa na alama hata moja ya mwili iliyowaunganisha wote na kuwatenga wengine. Wataalamu wa mifupa walilijua hilo kabla ya mtu yeyote kusoma vinasaba vya samaki, na tusiwasingizie kwamba walikuwa wamelala.

Kisha vikaja vinasaba. Tafiti kubwa zilizotoka mwaka 2013 zilipasua kapu hilo, na kufikia mwaka 2017 sehemu kubwa ya samaki hawa ilikuwa imepangwa upya katika makundi makuu 9. Matokeo yake yanashtua mtu aliyezoea kuwajua samaki kwa sura. Sangara, ambaye kwa umbo unaweza kumdhania binamu wa chewa, amewekwa pamoja na kolekole, mzia na nduaro, na hata gayogayo anayelala mchangani akiwa na macho yote mawili upande mmoja. Nduaro naye ametenganishwa na jodari na nguru, ambao zamani alikaa nao kwa sababu wote ni waogeleaji wa kasi wa bahari kuu.

Kisa cha sato na pono ndicho kinachonivutia zaidi. Mpasue sato, ondoa matamvua, utakuta kooni taya la pili: mfupa mmoja wa chini wenye meno, unaosagana na mifupa ya juu. Pono naye analo, na kwa hilo husaga matumbawe hadi yakawa mchanga. Mwaka 1982 wataalamu wa samaki Kaufman na Liem walitumia taya hilo na misuli yake kuwaweka pamoja samaki wa familia ya sato, pono na jamaa zao. Hoja ilikuwa nzito, maana kifaa chenye ufundi kama huo ni vigumu kudhani kwamba kilizuka mara mbili. Lakini vinasaba vinasema kilizuka zaidi ya mara moja. Sato sasa yuko karibu zaidi na mkizi na chuchunge kuliko na pono, katika kundi lililopewa jina la Ovalentaria mwaka 2012.

Hapa watetezi wa macho wana hoja ambayo haijajibiwa vya kutosha. Jina la Ovalentaria limetokana na mayai yenye nyuzi za kunata, alama inayodhaniwa ilikuwa ya babu wa kundi. Lakini sato jike huatamia mayai mdomoni, na mayai ya mkizi huelea baharini bila kunata popote. Mvuvi, mwanafunzi au ofisa wa mwaloni hana alama ya kushika mkononi inayomwambia kwamba samaki hawa ni ndugu. Zaidi ya hayo, mpangilio wenyewe haujatulia. Ule wa mwaka 2017 uliacha familia kadhaa bila oda, ya tasi ikiwamo, na wengine wakaja baadaye kuipa nafasi nyingine. Kumtaka mwalimu abadilishe chati kila mara ni kumchosha bure.

Hata hivyo siwezi kukubali kwamba ukoo wa vinasaba ni anasa ya maabara. Mwaka 2006 watafiti Smith na Wheeler walitumia ukoo huo kutafuta samaki wenye sumu. Makadirio ya awali yalikuwa spishi 200 hivi. Wao, kwa kufuata undugu na kuthibitisha kwa kuchunguza miili, walipata kwamba zinazopaswa kudhaniwa kuwa na sumu ni zaidi ya 1,200, nyingi zikiwa za samaki wa miba. Kapu la zamani lisingeweza kutoa jibu hilo, kwa kuwa undugu wa uongo haukuelekezi pa kutafuta.

Lakini twende Ziwa Victoria, na mambo yanageuka. Ziwa hili lilikauka, likajaa tena yapata miaka 15,000 iliyopita, na tangu hapo limepata spishi za furu, samaki wadogo wa familia ya sato, zinazokadiriwa kufikia 500. Muda ni mfupi mno. Kile kipande cha jeni kinachotumiwa kutambua spishi nyingine za samaki bila shida, kwa furu hushindwa, kwa maana spishi nyingi bado zina kipande kilekile. Chukua spishi mbili za furu: katika Ghuba ya Mwanza dume la Pundamilia nyererei lina mgongo mwekundu, na dume la Pundamilia pundamilia lina rangi ya buluu ya kijivu. Majike huchagua kwa rangi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba maji yakichafuka na mwanga ukapungua, uchaguzi huo huvurugika na spishi huanza kuchanganyikana. Aliyezitenga spishi hizi kwanza ni mtu aliyeangalia rangi, meno na umbo la kichwa.

Na kuangalia huko kulikuwa na haraka. Sangara aliingizwa ziwani miaka ya 1950, akafurika miaka ya 1980, na takriban spishi 200 za furu zinahofiwa kutoweka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, waliokuwa wakifanya kazi Mwanza tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 waliwahi kuhifadhi vielelezo vingi kabla ya furu kuporomoka. Samaki aliyehifadhiwa kwa fomalini vinasaba vyake huharibika, hivyo kwa wengi wao tunachoweza kusoma kwa uhakika ni mifupa, meno na maelezo ya rangi yaliyoandikwa siku walipovuliwa.

Kwa hiyo swali la nani ni ndugu wa nani naliachia vinasaba, hata jibu likiwa la kushangaza kama sato na chuchunge. Swali la huyu ni samaki gani, na wako wa aina ngapi hapa, nalipeleka kwanza kwa macho yaliyofunzwa. Vyuo vyetu vya uvuvi vinaweza kufundisha yote mawili katika muhula mmoja: mwanafunzi ahesabu miba ya tasi kwa mkono wake, kisha aonyeshwe ukoo na aambiwe wazi ni matawi gani yamethibitika na yapi bado yanabishaniwa. Na kila kielelezo kipya kutoka ziwani kipigwe picha kikiwa bado na rangi yake, kikatwe kipande cha nyama kiingizwe kwenye spiriti, ndipo mwili uliobaki uende kwenye fomalini.