Nguvu Ninazo, Umeme Sina

Ninaandika haya nikiwa nimevaa kofia ya sufi ndani ya nyumba, saa tisa mchana, Dar es Salaam hii hii ya jasho. Mke wangu ameshauliza mara mbili kama naumwa. Nikamwambia nasikia baridi. Akanitazama kama mtu anayehesabu miaka ya ndoa, akarudi jikoni.

Chanzo ni He-Man, yule shujaa wa katuni mwenye misuli na upanga.

Ndiyo, yule yule. Asubuhi sijanawa uso, mpwa wangu kaniletea simu puani. "Anko, si ndiye huyu uliyekuwa unatusimulia?" Natazama, kweli, wanamrudisha. Filamu ya sinema kabisa, na watu wa kweli ndani yake, wameipanga tarehe 5 Juni 2026. Moyo ukaruka. Haujatua vizuri ukaanza kuuma.

Wenye umri mdogo watanisamehe. Sisi wa bara tulisubiri televisheni mpaka 1994, wakati Wazanzibari walikuwa nayo, tena ya rangi, tangu miaka ya sabini, wanatuona ng'ambo ya maji tunavyosikiliza redio. Kilichokuwepo ni deki, na deki mtaani kwetu ilikuwa moja, ya mama mmoja mwenye mume baharia. Ndala unavua mlangoni, unakaa kwenye mkeka, unafunga mdomo. Ukikohoa, nje. Kanda ya He-Man ilikuwa moja, imetoka Dubai, tukaiangalia mpaka picha ikaanza kutoa mvua. Kiingereza hatukijui hata kidogo, lakini akiinua upanga kila mtu anajua wajibu wake: "Baizepawa gereskooo!" Yaani "By the power of Grayskull", kwa nguvu za Grayskull, ile ngome yake. Nyumbani mwiko wa mama ndio upanga, na mbuzi wa jirani ndiye yule chui wa kijani. Mbuzi aliishia wapi sisemi. Mimi alama ninayo gotini.

Sasa sikiliza. Kipindi cha mwisho kwenye kanda ile, Skeletor, yule adui yake mwenye uso wa fuvu, kamnasa He-Man, kamning'iniza juu ya shimo la moto, anacheka kile kicheko cha mtu aliyepaliwa na ugali. He-Man anakunja misuli, mnyororo unaanza kulia kwaa, kwaa... mara bibi harusi anakata keki. Yule mama alirekodi harusi ya mdogo wake, Tanga, juu ya kanda yetu! Zaidi ya miaka thelathini na tano sijui kama He-Man alitoka pale. Keki ile ukinipa kalamu nakuchorea.

Basi habari kubwa kama hiyo hukai nayo peke yako. Nikaenda kunyoa.

Kinyozi wangu ni kijana wa miaka ishirini na mbili hivi, mikono mizuri, heshima anayo, tatizo ni kwamba heshima yenyewe inauma. "Shikamoo mzee." Nina arobaini na sita. Nikaitika marahaba kama mtu anayepokea bili. Kwenye benchi walikuwapo watu wanne. Benchi la saluni lina maajabu yake, watu hawapungui na hakuna hata mmoja anayenyoa.

Akanifunga kile kitambaa shingoni, akaanza upande wa kushoto. Nikasema, kwa sauti ya mtu mzima anayetoa taarifa: "Umesikia He-Man anarudi?"

"Nani?"

"He-Man."

"Msanii wa wapi huyo?"

Mashine ikaondoka kichwani. Akatoa simu, akatafuta picha, akaivuta kwa vidole viwili ikawa kubwa. Akaipeleka kwenye benchi. Benchi likaipokea kama mwili wa ajali.

"Mzee," akasema kwa upole, "huyu mbona kavaa chupi?"

Nikamweleza kwamba lile ni vazi la vita la manyoya. Nikamweleza kwamba kule kwao, sayari ya Eternia, hali ya hewa ni tofauti. Mmoja wa benchini akasema hata Eternia kuna wakwe. Nikanyamaza, kwa sababu hilo sikuwahi kulifikiria.

Lakini kinyozi alikuwa bado kwenye nywele. Kila mtu na fani yake. "Huyu hana kinyozi," akasema. "Amefunikwa bakuli, wakapita na mkasi pembeni. Na mtu wa mazoezi namna hii! Angekuja hapa ningempiga fedi ya chini, juu namwachia kidogo..." Akawa anaonyesha kichwani kwangu fedi hiyo ingepita wapi. Nikasema kumbe kazi inaendelea, akawasha mashine, akapita mara moja, mara ya pili.

Mashine ikafa.

Kushoto kipara kinang'aa, kulia msitu. Feni ikazunguka polepole, ikasimama. "Wamekata!" likapiga kelele benchi zima, na kwa dakika kumi tukawasema watu wa umeme maneno ambayo siwezi kuyaandika, mpaka mmoja akasikia redio ya duka la ng'ambo inaimba. Tukatazamana.

Luku imeisha.

Mita yenyewe ni moja kwa vyumba vitatu: saluni, fundi simu na mama wa juisi. Ikaanza. Mama wa juisi kanunua Jumatatu, ana meseji. Fundi simu anatumia taa moja, tena ndogo. Kinyozi anasema friji la mama ndilo linalokula. Mama anasema friji lake limezimwa tangu jana, halafu hapo hapo analalamika juisi yake itaharibika kwa kukosa baridi. Wakatoka nje wote. "Muulizeni mzee huyu, mtu mzima!" Nikavutwa nami mpaka barabarani kuwa hakimu, nusu kichwa, kitambaa kimening'inia mgongoni kama joho. Watoto wa shule ya msingi walikuwa wanapita. Mmoja alinipigia saluti.

Nikarudi ndani nikakaa. Mimi sina pa kwenda, benchi halina pa kwenda, nikaona niwaeleze hofu yangu.

Hofu yangu ni Dunia. Vile vipindi 130 vya katuni, kuanzia 1983, vilikuwa Eternia, na Eternia ndiko tulikokimbilia. Halafu 1987 wakatoa filamu. Niliiona baadaye kwenye kibanda umiza, kwa hela ya mafuta ya taa, na fimbo za mafuta hayo nikala. He-Man alikuwa Dolph Lundgren, kifua hakina lawama. Lakini chui hayupo! Orko, yule mchawi mdogo anayeelea hewani bila miguu, hayupo! Wakamleta kimbilikimo mwingine tusiyemjua, kisha wakambeba He-Man wakamshusha Marekani, California, kwenye mji wa kawaida. Ufunguo wa kufungulia njia ya ulimwengu mzima unaokotwa na kijana anayedhani ni kinanda cha Kijapani, anaupeleka duka la muziki. He-Man anapigana kando ya magari. Magari! Mimi nimetoka Buguruni kwenye magari, nimevuka magari, nimelipa, nimekaa kwenye ubao wenye msumari, naonyeshwa magari?

"Na hii mpya?" akauliza mmoja.

Hii mpya ndiyo inayoninyima raha. Hadithi walivyoitangaza, Adam, ndiye He-Man mwenyewe kabla hajainua upanga, anaanguka Duniani akiwa mtoto, anapotezana na upanga wake, anakulia huku huku, kisha miaka mingi baadaye ndipo anarudi kwao. Huku tena! Huku kuna nini? Mtu ana ngome yenye uso wa fuvu, ana chui wa kupanda, mnamleta aje apange foleni na sisi?

Kijana mmoja mwembamba alikuwa kimya muda wote, anabonyeza simu. Akainua kichwa. "Lakini mzee, hapa wanasema mama yake, Malkia Marlena, ni mtu wa Duniani. Mwanaanga wa Marekani, chombo kilimwangukia Eternia akaolewa na mfalme."

"Ndiyo," nikasema, maana ni kweli.

"Kwa hiyo Duniani ni kwa wajomba zake."

Benchi likapiga makofi. Kinyozi akaja mbio kutoka kwenye ugomvi wa luku kuuliza kumetokea nini, akaelezwa, naye akapiga makofi. Nikajitetea kadiri nilivyoweza: mpwa huja kwa wajomba likizo, anakula kuku, anaondoka, hakai miaka na miaka. Huku nayasema, nikakumbuka mpwa wangu alikuja kwangu likizo mwaka juzi.

Nikabadilisha mada. Nikawaambia kuitengeneza kwenyewe kumekuwa kama daraja la kijijini: kila miaka michache anakuja mkubwa, anapima, anaondoka. Netflix waliishika wakaiachia 2023, inasemekana dola milioni 30 hivi zilikuwa zimeshakwenda. Fundi simu, ambaye naye alishaingia, akauliza milioni 30 ni uniti ngapi. Sasa ipo kwa Amazon. Mwongozaji ni Travis Knight, He-Man ni Nicholas Galitzine, Skeletor ni Jared Leto. Nikitaja jina, benchi linaitika "enhe" kama watu wanaosomewa matangazo ya kanisa la jirani. Nikasema na yule mwalimu wa silaha mwenye masharubu, Duncan, anachezwa na Idris Elba.

"IDRIS ELBA?"

Wote wakasimama. Idris Elba huyu huyu? Aliyetengewa kiwanja Zanzibar cha kujenga studio, hekta 80 hivi? Huyo huyo. Mama wa juisi akaacha meseji yake ya Jumatatu akaja mlangoni. Kama Idris yumo, akasema, yeye anakwenda, hata wakiipeleka hiyo filamu Mbagala. Mmoja akauliza kwa nini sikuanza na hilo. Nimepigwa kwa ajili ya He-Man mimi, nimeanguka na mbuzi, nimebeba ile keki kifuani miaka yote hii, na filamu imeuzwa kwa sekunde moja na mtu mwenye masharubu.

Kusema kweli hata mapenzi yangu yenyewe siku hizi nayaonea shaka. Nilikuja kujua ukubwani kwamba mwanzo kulikuwa na wanasesere, Mattel waliwatoa 1982, katuni ikafuata ili wanasesere wauzike. Yaani He-Man ni ndugu wa Barbie, nyumba moja. Mimi nililelewa na tangazo la biashara, na hata bidhaa yenyewe sikuuziwa. Halafu zile mbio zake! Anakimbia mbio zile zile kila kipindi, picha ile ile waliyoichora mara moja wakairudia kubana matumizi. Sisi tulidhani ndivyo mashujaa wanavyokimbia. Nilikimbia hivyo kwenye UMITASHUMTA, nikawa wa mwisho.

Dakika arobaini zilipopita nikaona aibu imetosha. Nikatoa simu, nikasema luku nanunua mimi, elfu tano, tumalize. Kimya. Mama wa juisi akaniita baba. Nikabonyeza, hela ikakatwa papo hapo, tokeni haikuja. Unajua hela inavyokuwa na haraka. Tulipokata tamaa zikaingia, namba ishirini, kinyozi akazinakili kwenye kiganja chake kwa kalamu, tukatoka kwa maandamano mpaka kwenye chumba cha mita. Kufuli. Ufunguo anao mwenye nyumba, mwenye nyumba kaenda msibani Kigamboni.

Ndiyo nikaazimwa hii kofia. Ni ya fundi simu, ina harufu ya waya ulioungua.

Bodaboda aliniuliza kama natoka hospitali. Mpwa wangu hakuuliza kitu, alipiga picha. Sasa anapiga hesabu ya tiketi za watu watano, na bisi, na soda, na kurudi usiku, na anaongea kama vile jambo limeshapitishwa. Anasema pia vipindi vyote vya zamani siku hizi vinapatikana kwenye simu, kama nataka akitafute kile cha mnyororo. Nimemwambia asubiri kwanza. Siko tayari. Nimeanza kumfikiria yule bibi harusi wa Tanga, sasa hivi atakuwa bibi kweli, ana wajukuu, na wala hajui.

Simu inaita. Ni kinyozi. Ufunguo umefika, anasema, lakini tokeni inakataa, wamejaribu mara tatu, hebu nisome tena ile meseji. Naisoma. Namba za tokeni ni zile zile. Namba ya mita iliyo juu yake ndiyo ninayoitambua. Ni ya hapa nyumbani.

Mke wangu katoka jikoni, anajifuta mikono kwa kanga. "Baba Asha, uniti zimebaki mbili."

"Nimeshanunua," nikasema.

Akasimama. Akanitazama kama hajanitazama tangu mwaka jana. "Kumbe ulikumbuka," akasema, akatabasamu. "Haya vua hiyo kofia, uje ule."